Kuandika filamu ya kutoroka watekaji kutokana na tukio la kweli: mwongozo kamili

Skripti za utekaji zinazoletwa mezani kwangu hukwama mahali pale pale. Ukurasa wa kwanza ni risasi. Ukurasa wa kumi mateka wamefungwa kamba na kila mmoja anasimulia alivyolelewa. Ukurasa wa themanini gari linakimbizwa na gari, staring anapona, adui anakufa. Hapo katikati hakuna anayekaa roho juu, maana mtazamaji alishasikia redioni kwamba watu wale walitoka salama.

Kisha huja swali: hadithi itasisimuaje ilhali mwisho wake unajulikana? Mwongozo huu unajibu hilo tu. Taharuki ya kutoroka hailetwi na kujiuliza kama watapona. Inaletwa na kitu kidogo kilicho mbele yao sasa hivi, labda muhuri, fomu au simu inayoita, ambacho mtazamaji anajua kina kasoro na afisa aliyekishika bado hajajua.

Mfano wetu wa kazi utakuwa Argo, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Ben Affleck na kuandikwa na Chris Terrio. Inahusu Wamarekani sita waliochomoka wakati ubalozi wao mjini Tehran ulipovamiwa tarehe 4 Novemba 1979. Wanadiplomasia wa Kanada waliwaficha nyumbani kwao, na mwishoni mwa Januari 1980 walitolewa nchini wakijifanya watu wa filamu waliokuja kutafuta lokesheni. Itazame kabla ya kuendelea. Kuna mambo imeyafanya vizuri sana, na kuna mahali imejikwaa kwa namna ambayo waandishi wa kwetu wanaipenda mno.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Vyanzo visivyopungua viwili vinavyojitegemea. Magazeti matano yaliyonakili taarifa moja ya polisi ni chanzo kimoja.
- Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Bluu ni kwa jambo lililothibitishwa, nyekundu ni kwa ulilobuni. Usizichanganye hata siku moja.
- Kadi ndogo au vipande vya manila, na ukuta wa kuvibandika.
- Mchoro wa jengo au eneo: milango, ngazi, ukuta, barabara ya nyuma. Ukikosa ramani, chora kutokana na picha na maelezo ya watu.
- Kalenda ya mwaka husika.
- Programu ya kuandikia skripti. Trelby ni ya bure na inatosha. Ukiwa na Word tu, tumia fonti ya Courier ukubwa wa 12, ili ukurasa mmoja ukaribie dakika moja ya filamu.
- Msomaji mmoja asiyelijua tukio kabisa. Mtunze, usimsimulie chochote. Utamhitaji hatua ya 9.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kutoroka, si kuokolewa

Wengi huanza na tukio lisilofaa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomandoo wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe na kuwachukua mateka wa ndege ya Air France; ndege zao zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Ni tukio kubwa, lakini ukilisimulia kwa macho ya mateka utabaki na watu waliokaa sakafuni wakisubiri. Huo ni uokoaji, na wenye kutenda ni wanajeshi.

Meli ya Maersk Alabama iliyotekwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa na shehena ya chakula cha msaada ni kesi ya mchanganyiko. Mabaharia walijificha ndani ya meli na wakamkamata mmoja wa maharamia. Nahodha alipochukuliwa kwenye mashua ya kuokolea maisha alijirusha baharini akashikwa tena, na mwishowe wadunguaji wa jeshi la majini la Marekani ndio waliomwokoa. Hapo mwandishi lazima achague hadithi ni ya nani.

Kwa usahihi, wale sita wa Tehran hawakuwahi kushikwa. Waliotekwa ni wenzao, na 52 kati yao walikaa siku 444. Hilo halipunguzi kitu, linaongeza. Kila siku wanayojificha wanaona kwenye televisheni yatakayowapata wakikamatwa.

Kipimo. Andika sentensi moja: "Fulani lazima afanye jambo hili, kwa mikono yake, kabla ya saa fulani, la sivyo." Ukishindwa kuimaliza bila kutaja jeshi, tafuta tukio jingine au badilisha mhusika mkuu.

Tahadhari. Kama kesi bado iko mahakamani, au kuna mateka wa kundi lile lile hajarudi, acha. Undani wa jinsi mtu alivyotoka unaweza kumfungia mlango mwenzake aliyebaki.

## Hatua ya 2: Tengeneza jedwali la saa

Gawanya karatasi safu tatu: saa, nini kilitokea, nani alikuwepo. Jaza kwa kalamu ya bluu tu. Usiandike hata mstari mmoja wa mazungumzo bado.

Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa. Ukiruka, utabuni vitu ambavyo tukio lenyewe lilikuwa navyo vizuri zaidi. Angalia jedwali la Tehran lilivyobeba vitu vya kutisha bila msaada wa mtunzi yeyote:

- Ofisi ya viza ilikuwa na mlango wa kutokea mtaa mwingine, mbali na geti lililojaa waandamanaji. Ndiyo maana waliweza kutoka kwa miguu.
- Siku za mwanzo walihamahama, wakalala pia kwa Waingereza, kabla ya mmoja wao kumpigia simu John Sheardown wa ubalozi wa Kanada. Sheardown na balozi Ken Taylor waliwagawana nyumbani kwao.
- Siku chache kabla ya kuondoka, simu iliita nyumbani kwa balozi. Mtu asiyejitaja aliomba kuongea na wawili kati ya waliofichwa, kwa jina lao halisi.
- Mwandishi wa habari wa Kanada, Jean Pelletier wa gazeti la La Presse, aliigundua siri hiyo mapema na akakubali kutoichapisha hadi watu watoke.
- Viza za kughushi zilizotoka Marekani zilikuwa na kosa. Aliyezitengeneza alichanganya kalenda ya Iran na ya kwetu, tarehe ya kutolewa ikaangukia siku ambayo bado haijafika. Aliyeliona kosa ni ofisa wa ubalozi wa Kanada aliyejua kusoma Kifarsi.

Soma tena hilo la mwisho. Mtu anasimama mbele ya afisa uhamiaji na viza iliyotolewa wiki ijayo. Hakuna bunduki inayoweza kushindana na hapo.

Tahadhari ya saa. Shahidi wa Kiswahili akisema "saa mbili" na ripoti ya Kiingereza ikaandika 0200, kuna aliyekosea kutafsiri. Weka jedwali zima kwenye mfumo mmoja wa saa, wa Kiswahili au wa kizungu, na uandike juu ya karatasi ni upi. Nimeona skripti ambamo mateka anatoroka gizani na sini inayofuata, dakika kumi baadaye, watoto wanatoka shule.

Ukifanikiwa: jedwali lina mashimo, na unajua yalipo. Jedwali lisilo na shimo lolote ni dalili kwamba umeanza kubuni bila kujijua.

## Hatua ya 3: Tafuta vizuizi, uvipange kwa ukubwa

Pitia jedwali na uzungushie duara kila mahali ambapo mtu mwingine alipaswa kuruhusu jambo liendelee: mlinzi, karani, dereva, jirani. Hao ndio vizuizi vyako. Kutoroka kwa filamu ni mfululizo wa ruhusa, na kila ruhusa ina mtu anayeweza kusema hapana.

Weka kila kizuizi kwenye kadi yake, kisha panga. Cha kwanza kiwe chepesi, kimfundishe mtazamaji sheria za mahali. Cha pili kikaribie kuwashinda. Cha mwisho kihitaji kila walichojifunza.

Kwa hadithi za huku kwetu usihangaike kutafuta uwanja wa ndege. Kizuizi kinaweza kuwa geti la kivuko, mizani ya barabarani, au mhudumu wa gesti anayedai kitambulisho ili ajaze kitabu cha wageni. Kile kitabu peke yake kina taharuki ya kutosha: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Mtu anayekimbia atajaza nini, na mkono wake utatulia?

Vizuizi vikizidi vitano kwa filamu ya dakika 90, unganisha.

## Hatua ya 4: Gawa siri

Hii ndiyo hatua inayotenganisha skripti zinazosisimua na zile zinazopiga kelele tu, kwa hiyo usiiharakishe.

Chukua kila kadi ya kizuizi. Nyuma yake andika majibu ya maswali matatu. Mtazamaji anajua nini wakati sini inaanza? Anayetoroka anajua nini? Anayemzuia anajua nini?

Kama wote watatu wanajua sawa, sini haina nguvu. Kama anayezuia ndiye anajua zaidi na mtazamaji hajui, utapata mshtuko wa sekunde mbili kisha umeisha. Unachotafuta ni mpangilio huu: mtazamaji anajua kasoro, anayetoroka anaijua au anaihisi, anayezuia yuko hatua moja kutoka kuigundua.

Tukirudi Tehran, uhamiaji wa Iran walitumia fomu yenye nakala mbili. Msafiri akiingia, nakala moja hubaki kwao na nyingine huondoka nayo. Akitoka, zinaweza kulinganishwa. Wale sita hawakuingia na kikosi chochote cha filamu, kwa hiyo nakala zao za kuingilia hazikuwepo. Pasipoti zao za Kanada zilikuwa halali, zimetolewa kwa uamuzi wa siri wa baraza la mawaziri la nchi hiyo, lakini fomu na mihuri ya kuingilia ilikuwa ya kughushi.

Sasa fikiria mtazamaji unampa habari hiyo lini. Ukimwambia wakati afisa ameshika fomu, umechelewa. Atakuwa anajifunza badala ya kuogopa. Ukimwambia dakika 40 kabla, amesahau. Argo inaiweka siku chache kabla ya safari, kwenye maandalizi, tena kwa maneno machache, kisha inampa mtazamaji muda wa kuisahau nusu.

Kanuni ninayowapa waandishi: panda kasoro mara mbili, mara moja kwa maneno na mara moja kwa kuiona tu. Maneno: mtu anaeleza kwamba nakala hazipo. Kuiona: afisa, abiria mwingine akiwa mbele yake, anafungua droo na kuchomoa nakala ya abiria huyo. Basi. Foleni inasogea, na mtazamaji sasa anaiangalia droo ile na si kitu kingine.

Tahadhari. Mhusika asiseme "ninaogopa watagundua fomu". Akisema hivyo amembebea mtazamaji kazi yake.

Ukifanikiwa: unaweza kufunika mazungumzo yote ya sini kwa mkono, ukasoma maelezo ya vitendo peke yake, na bado ukaona hatari iko wapi.

## Hatua ya 5: Punguza watu

Watu sita wenye hofu moja ni wengi kwa skini. Mtazamaji atawakumbuka wawili, kwa bahati watatu. Wape kila mmoja kazi tofauti ndani ya hofu hiyo: mmoja anataka kuondoka leo, mmoja haamini mpango, mmoja anajua lugha ya wenyeji na kwa hiyo anasikia yasiyosikiwa na wenzake. Huyo wa lugha ni wa thamani; umempa mtazamaji sikio ndani ya chumba.

Ukiunganisha watu wawili wa kweli kuwa mhusika mmoja, mbadilishie jina. Kumwekea mtu halisi maneno ya mtu mwingine ni kumsingizia. Argo ina mtayarishaji mzee wa Hollywood, Lester Siegel, ambaye hakuwahi kuwepo. Lakini John Chambers, fundi wa vipodozi vya filamu aliyesaidia kuunda kampuni ya bandia ya filamu iliyowapa sita hao kisingizio, alikuwepo kweli na ametajwa kwa jina lake.

Usimsahau anayezuia. Kijana wa zamu aliyekosa usingizi, anayetaka kumaliza kazi akanywe chai, anatisha kuliko afisa anayefoka, maana huwezi kumtabiri.

## Hatua ya 6: Weka mpaka wa kubuni

Utabuni. Hakuna filamu ya tukio la kweli isiyobuni. Swali ni wapi.

Ruhusa unayo kwenye mashimo ya jedwali: maneno yaliyosemwa chumbani, nani alikaa kiti gani, nini kilipikwa. Ruhusa unayo pia kubana muda, siku 79 za kujificha kwa Wakanada zikawa dakika 20. Huna ruhusa ya kubadilisha nani alisaidia na nani alikataa.

Argo iliuvuka mpaka huo. Mhusika mmoja anasema kwamba Waingereza na watu wa New Zealand waliwafukuza Wamarekani hao. Ukweli ni kwamba Waingereza waliwapa hifadhi mwanzoni, na wanadiplomasia wa New Zealand walisaidia hadi mwisho. Sentensi fupi tu, lakini Machi 2013 bunge la New Zealand lilipitisha hoja ya kuilalamikia. Rais mstaafu Jimmy Carter naye alisema asilimia 90 ya mawazo na utekelezaji ilikuwa ya Wakanada, ilhali filamu inampa karibu sifa zote Tony Mendez, ofisa wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani) aliyekwenda Tehran kuwatoa. Ofisa wa pili wa CIA aliyekuwa naye Tehran hayumo kabisa.

Kisha kuna zile gari za walinzi zinazoikimbiza ndege kwenye barabara ya kurukia. Hazikuwepo. Usiku wa kweli, Mendez alichagua ndege ya alfajiri kwa hesabu kwamba maafisa watakuwa na usingizi na walinzi wengi wa mapinduzi bado wamelala. Hesabu ikakubali. Kilichowatoa jasho ni tangazo kwamba ndege ya Swissair imechelewa kwa hitilafu ya kiufundi, na wakakaa ukumbini kama saa nzima bila kujua kama hitilafu ni ya ndege au ni yao.

Kwa maoni yangu, saa ile ya kusubiri ndiyo iliyostahili kupigwa picha, na gari zile ndizo sehemu dhaifu kuliko zote katika filamu nzuri. Mtu akikufukuza umeshajua kwamba amekugundua, shaka imekwisha. Na kwa mtayarishaji wa kwetu kuna faida nyingine: kusubiri ni bei nafuu. Viti, tangazo la spika, na nyuso.

Kipimo. Kila kilichoandikwa kwa wino mwekundu, jiulize kama mtu halisi aliyehusika akikaa safu ya mbele siku ya uzinduzi atainuka kwa hasira. Akicheka kwamba "sikuvaa shati lile", endelea. Akisema "mimi ndiye niliyewafungulia mlango na wewe umeniandika nimeufunga", futa.

## Hatua ya 7: Andika sini ya kizuizi

Anza na sini hii kabla ya nyingine zote. Ikikubali, filamu ipo. Ufuatao ni mfano niliouandika kwa ajili ya mwongozo huu, nikitumia suala la fomu. Maneno na watu ni wa kubuni. Mtazamaji ameshaiona droo.

NDANI. UKUMBI WA UHAMIAJI – ALFAJIRI

*Watu watatu kwenye foleni. Taa moja inapepesa. AFISA, kijana, anapiga mwayo bila kuficha mdomo. MSAFIRI anasogeza pasipoti na fomu.*

AFISA
Umekaa siku ngapi?

MSAFIRI
Mbili.

*Afisa anafunua kurasa polepole. Anafika kwenye muhuri wa kuingilia. Anausogeza karibu na taa.*

AFISA
Mbili tu? Umeona nini kwa siku mbili?

MSAFIRI
Soko. Milima, kwa mbali.

AFISA
Baridi?

MSAFIRI
Sana.

*Afisa anatabasamu kidogo. Anachukua muhuri, anaugonga kwenye kidau. Kikavu. Anagonga tena. Anainuka, anageuka, anavuta droo.*

*MSAFIRI anatazama mgongo wa Afisa. Nyuma yake, MWANAMKE wa pili kwenye foleni anaacha kutafuna.*

*Mkono wa Afisa unapita juu ya lundo la fomu. Unasimama. Unanyanyua lundo lote.*

*Chini yake: chupa ya wino.*

*Anarudisha lundo, anafunga droo kwa goti, anakaa.*

AFISA
Njoo wakati wa kiangazi. Kuna maua.

*Muhuri unagonga.*

Ona kilichofanya kazi. Hakuna aliyeinua sauti. Swali la baridi ni la kawaida kabisa, ndiyo maana linakera. Tunataka agonge muhuri, yeye anataka kuzungumza. Droo ilipandwa hatua ya 4, kwa hiyo mkono unaposimama juu ya lundo hatuhitaji muziki. Mwanamke anayeacha kutafuna anatuonyesha kwamba na yeye amejua, bila neno.

Ukiandika ya kwako, fuata mpangilio huu:

1. Ruhusa inaelekea kutolewa.
2. Jambo dogo lisilo na uhusiano linaikatiza.
3. Kukatizwa huko kunamsogeza anayezuia karibu na kasoro yenyewe.
4. Anaigusa kasoro bila kuitambua, au anaitambua na kuipuuza kwa sababu zake.
5. Ruhusa inatolewa, na mhusika hana muda wa kushusha pumzi.

Tahadhari. Namba 2 isiwe bahati nasibu kubwa. Simu ya rais, mlipuko wa ghafla, umeme kukatika nchi nzima: mtazamaji ataona mkono wako. Wino kukauka kunatosha. Bahati mbaya inakubalika wakati wowote. Bahati nzuri inakubalika mara moja, tena mapema.

Ukifanikiwa: sini ina kurasa mbili, labda tatu, na hakuna sentensi inayozidi maneno kumi.

## Hatua ya 8: Ruka kati ya sehemu mbili au tatu

Sini ndefu ya foleni ikikaa mahali pamoja itachosha. Argo inaruka kati ya uwanja wa ndege, Washington, na ofisi ya bandia kule Hollywood ambako simu inaita na wanaopaswa kuipokea wamezuiwa njiani. Uhariri huo ulipata Oscar yake peke yake, ya William Goldenberg.

Siri ya kuruka ni kutoka mapema. Ondoka kwenye sini sekunde moja kabla ya jibu, siyo baada yake. Afisa ananyanyua simu, kata. Simu inaita ofisini, hakuna mtu, kata. Rudi kwa Afisa, bado ameshika mkonga wa simu.

Sehemu zikizidi tatu mtazamaji anapotea. Na kila sehemu iwe na kazi ya kusaidia au kuzuia. Ukimrukia mama wa mateka anayelia nyumbani, umesimamisha saa. Mwekee mama sini yake mahali pengine.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa sauti

Mwite yule msomaji uliyemtunza, pamoja na watu wanne wa kusoma sauti za wahusika. Wewe soma maelezo ya vitendo tu. Usieleze, usitetee, usicheke.

Kila baada ya sini tatu simama umuulize swali moja: "Sasa hivi una wasiwasi na nini?" Akikujibu "na hiyo fomu", uko vizuri. Akijibu "sijui, kama watapona?", kasoro haikupandwa, rudi hatua ya 4. Akikupa jibu ambalo hukulifikiria, liandike. Mara nyingi ni bora kuliko lako.

Angalia pia anapoanza kuchezea simu yake. Weka alama ukurasa huo. Kwa kawaida ni pale wahusika wanaposimulia maisha yao ya zamani.

## Hatua ya 10: Haki, vibali na kadi za mwisho

Tukio la kweli halina mwenyewe, lakini maelezo ya mtu kuhusu tukio hilo yana mwenyewe. Unaweza kutumia ukweli uliotangazwa na kuthibitishwa mahakamani. Huwezi kuchukua kitabu au makala ya mtu, mpangilio wake na maneno yake, bila makubaliano ya maandishi. Argo ilitokana na kitabu cha Mendez na makala ya Joshuah Bearman katika jarida la Wired, na imesema hivyo wazi.

Kwa manusura, tafuta ridhaa ya maandishi kabla ya mahojiano, mwambie anaweza kuacha wakati wowote, na uende na mtu anayemwamini. Usimwombe aigize alivyofungwa. Ukihitaji undani wa kamba, muulize polisi mstaafu.

Sajili skripti kwenye ofisi ya hakimiliki kabla ya kuisambaza: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya. Bodi ya Filamu Tanzania itataka kuona skripti kabla ya kutoa kibali cha kupiga picha. Ukiwa na sare za polisi, silaha za bandia au geti la serikali kwenye sini yoyote, anza mazungumzo na wahusika mapema sana, na siku ya kupiga picha wajulishe majirani na serikali ya mtaa. Mtu akiona kijana amefungwa kitambaa usoni akisukumwa ndani ya gari hatauliza kama ni filamu.

Zinabaki kadi za mwisho wa filamu, yale maandishi meupe kwenye skini nyeusi. Waandishi huyaandika usiku wa mwisho, wakiwa wamechoka, na ndiyo yanayoleta barua za mawakili. Argo ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2012, maandishi yake ya mwisho yalionyesha kana kwamba Ken Taylor alipewa sifa asizostahili. Balozi huyo, wakati huo bado hai, alilalamika. Affleck akayabadilisha kabla filamu haijaingia kumbi zote.

Kwa hiyo andika kadi zako kwa kalamu ya bluu peke yake. Kadi ya kwanza iseme nini kilibuniwa, kwa sentensi ya kawaida, isiyojificha nyuma ya "baadhi ya matukio". Ya pili iseme waliobaki nyuma ilikuwaje kwao. Ya tatu iwataje waliofungua milango, kwa majina kama wameridhia. Kisha mpelekee kila aliyetajwa nakala ya kadi hizo na umpe wiki mbili za kujibu kabla hujampa mhariri faili la mwisho.